Tulivyokwenda Roquesaure Kumuona Jemadari Amblard

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ana swali lilelile. Mmeniuliza baada ya ibada, mmeniuliza kwenye foleni ya dukani hapa Northfield, Birmingham, na Mama Kevo alinipigia simu nikiwa kazini Longbridge, kijiko cha uji mkononi namlisha mzee wa watu: "Ati ulienda Ufaransa yote hiyo kuangalia kaburi?" Nimechoka kueleza vipande vipande, maana nikieleza nusu, nusu ya pili mnajitungia wenyewe. Basi nimekaa niandike yote. Habari za tikiti, visa na kuomba likizo naziruka. Hizo kila mmoja wenu anazo, na mbaya kuliko zangu.

Kwa msiomjua, Papa Floribert ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu, mjane, mtu wa suti hata akienda kutupa taka. Ndiye aliyemfundisha mwanangu Mumo Kifaransa cha mtihani. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazimika, na la kulia limebaki kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa: anaona kidogo cha katikati, pembeni kote kiza. Daktari alimwambia na hicho kidogo hakitakaa sana.

Binti yake, Clarisse, aligonga mlango wangu Jumapili moja, mtoto mgongoni.

"Auntie, nimemuuliza Papa anataka kuona nini before macho yaishe. Nikajua atasema Bukavu. Ati anataka kumuona Kapteni! Na mimi siwezi kumwacha huyu mtoto. Please, Auntie."

Nikapanda juu kumuuliza mwenyewe. Akacheka.

"Bukavu naijua hata nikifunga macho, Mama Mumo. Huyu sijamuona."

Huyo Kapteni ni Amblard wa Roquesaure, jemadari wa Kifaransa wa zamani zile za mikuki na mizinga ya kwanza kwanza, mtoto wa kabaila, aliyepigana vita vya wafalme huko Italia. Papa alimpata shuleni kwa mapadri. Kila Ijumaa mchana padri alikuwa akiwasomea maisha yake, sura moja moja, wavulana hamsini wameshika tama. Siku ya sura ya mwisho padri akatoa kitabu kizunguke, kina picha ya kaburi: Kapteni amechongwa kwa jiwe, amelala chali, uso wake wazi. Kitabu kikafika safu ya tatu, kengele ikalia. Papa alikuwa safu ya sita. Vita vikaja, shule ikafungwa, yeye akavuka Burundi, akakaa kambini Kigoma miaka, na huko kambini akawalaza watoto wake kwa hadithi za Kapteni kwa sababu hakuwa na nyingine. Mtandaoni Clarisse alitafuta akapata picha ya kanisa dogo kwa nje, mlango umefungwa. Uso hakuna.

Mimi nikasema nitampeleka. Mtu akikuambia kitu kama hicho utamjibu nini?

Northfield hadi Dover

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Tuondoke Jumatano, tufike Alhamisi usiku, tulale huko, Ijumaa kutwa tuwe na Kapteni wetu kwenye mwanga wa kutosha, jioni tuanze kurudi. Jumapili nina zamu, na meneja wangu mnamjua.

Papa alishuka ngazi na suti ya kijivu, tai na kofia. Nikamwambia safari ya kulala kwenye basi haitaki tai.

"Tunaenda kwa mukubwa," akanijibu, na hapo mjadala ukafungwa.

Pale stendi ya Digbeth basi lilichelewa kwa saa mbili. Tukakaa kwenye viti vya chuma tukila chapati zangu, na Papa akaanza sura ya kwanza. Kumbe Kapteni alizaliwa kwenye ngome inayovuja. Ukoo mkubwa, jina kubwa, paa bovu. Alipofika miaka tisa baba yake akampeleka kwa bwana mwingine tajiri kujifunza uungwana, na uungwana wenyewe ulikuwa kusugua mabuti, kuwabrashi farasi na kusimama nyuma ya kiti cha bwana na jagi la mvinyo.

"Sasa huyo si boi wa nyumbani?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa masomo!"

"Hata mimi nilivyofika Birmingham niliambiwa ni training, nikapewa mop."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kule Dover ndiko tulikoumbuka. Kabla ya kupanda meli lazima upite kwa askari wa mpaka wa Kifaransa, na wao huuliza kila mtu anakwenda kufanya nini. Mimi nilisema utalii. Papa, ambaye hajui kusema uongo hata wa heshima, akavua kofia akasema kwa Kifaransa chake cha mapadri kwamba anakwenda kumuona kamanda wake. Askari akaacha kupiga mihuri. Mkongo, mzee, kamanda! Tukawekwa kando, akaitwa mkubwa wao.

"Kamanda gani?"

"Jemadari wa mfalme."

"Mfalme yupi?"

"Wenu," Papa akasema. "Mfalme wa Ufaransa."

Dereva anapiga honi, abiria wanatutolea macho dirishani, na mimi naomba ardhi inimeze. Papa hakutetereka. Alisimama wima akawapa maisha ya Amblard tangu ngome inayovuja, na yule mkubwa, mtu wa makamo mwenye masharubu, akasikiliza hadi mwisho wa sura ya kwanza. Halafu akagonga mihuri akasema jambo ambalo Papa alinitafsiria kwenye basi kwa majivuno: kwamba yeye ni Mfaransa na hajapata kumsikia mtu huyo maishani mwake.

Juu ya maji

Upepo ulikuwa mkali, meli ikasubiri, ikaondoka, ikasubiri tena nje ya Calais. Papa alikataa kukaa ndani. Alitaka kuona bahari angali anaona, na kila alipogeuza kichwa kutafuta wimbi alikuwa amelikosa, limeshapita kwenye upande wake wa kiza. Nikamshika mkono nikawa namwambia, "Linakuja kulia, Papa. Sasa. Hilo hapo." Tulicheza mchezo huo nusu saa, nikasahau baridi.

Dereva mmoja wa lori, Mpolandi, alitukuta hapo akatupa mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Hatukuwa na lugha. Papa akamsimulia hata hivyo, kwa mikono, jinsi Kapteni alivyovusha mizinga milimani kwenye theluji, mafahali wakivuta, watu wakisukuma kwa mabega, na yeye mwenyewe kabaila akashuka kwenye farasi akasukuma nao, gurudumu likampitia mguu akachechemea maisha yake yote. Mpolandi alimwangalia akichechemea kwenye sitaha inayoyumba, akamwongezea yai.

Paris, kwa Bibiche

Hapa ndipo tulipoipoteza siku, na nasema wazi kosa lilikuwa letu wenyewe, sisi na adabu zetu.

Tulikuwa na saa tatu kati ya basi na treni. Bibiche, binti wa dada yake Papa, anakaa pembeni mwa Paris, na hawajaonana tangu kambini. Tukapanga tupite, tusalimie, tuondoke. Nani kati yenu amewahi kupita tu nyumbani kwa Mkongo? Tulipofunguliwa mlango, sombe, kisamvu chao, ilikuwa jikoni inachemka, makayabo, samaki wa chumvi, yamelowekwa, fufu bado haijasongwa, na kwenye karai kulikuwa na mbuzi mzima aliyekatwakatwa. Majirani wameshaitwa. Bibiche alimkumbatia mjomba wake akalia kwa sauti, na mtu akikulilia hivyo huwezi kuangalia saa.

Mimi niliiangalia kwa siri. Nikamnong'oneza Papa kwamba treni ni saa tisa. Bibiche akanisikia.

"Yaya, dada yangu, muko na haraka ya nini? Kama ni mufu, hatakimbia!"

Papa naye, badala ya kunisaidia, akaanza sura ya mji uliozingirwa. Adui wamefunga malango, chakula kimekwisha, watu wanakula farasi, na Kapteni kila siku anasimama kando ya sufuria mpaka askari wa mwisho apate kijiko, ndipo yeye ale. Watoto wa Bibiche walikaa chini wakisikiliza kwa Kiswahili na kuuliza kwa Kifaransa. Wanaume waliacha bia zao mezani.

"Basi nawe utakula wa mwisho," Bibiche akamwambia, "na mbuzi bado."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimekaa kwenye sofa nahesabu vituo kichwani huku mwanamke ananiongeza sombe mara ya tatu. Lakini na mimi si nilikula? Nililelewa Machakos, najua kwamba kunyanyuka kabla ya sufuria kuepuliwa ni kumtukana mpishi. Saa tisa ikapita. Jioni Bibiche alitutandikia kitanda chake mwenyewe akalala sebuleni, na Papa akaniambia polepole, "Siku moja inabaki, Mama Mumo. Itatosha."

Treni ya milimani

Ijumaa alfajiri tukapanda treni ya kwanza. Baada ya Lyon tukabadili, tukaingia kitreni kidogo cha mabehewa mawili, na milima ikaanza kusogea karibu. Papa hakuwa mwepesi kama jana. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akawa ananiuliza rangi za miti. Nikamwambia: manjano, kahawia, nyingine nyekundu. "Nyekundu ya namna gani?" Nikamwambia nyekundu ya udongo wa kwetu.

Kisha akanipa sura ya mwisho bila kuombwa. Kapteni alizeekea vitani. Mfalme wa pili akafa, wa tatu akamtuma tena Italia, na huko homa ikamshika. Wakubwa wa mji ule wakataka kumzika kwao kwa heshima, kengele na bendera. Akakataa. Akawaomba askari wake wamfunge kwenye machela kati ya farasi wawili wamvushe milima, na wote wakajua hatafika.

"Alifika," Papa akasema. "Aliona paa ya baba yake. Alilala kwao usiku moja, asubuhi akakufa. Miye hapo njo napapenda, Mama Mumo. Si vita. Alifika."

Niligeukia upande wa pili wa behewa. Wengine wenu mnajua kwamba mama yangu alizikwa nikiwa Longbridge. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka. Nilimzika kwenye simu, kwenye chumba cha mapumziko kazini, picha ikikwama kila mchungaji alipofungua mdomo, na mwenzangu mmoja akaingia kupasha supu kwenye maikrowevu akatoka bila kujua. Nilimlilia mama yangu kwenye treni ile. Papa alinipa kitambaa chake cha suti.

Roquesaure

Basi dogo lilitushusha saa saba mchana. Kijiji chenyewe barabara moja, nyumba za mawe, mlima umekaa nyuma yake. Tulikuwa na saa nne hivi za mwanga, na basi la kurudi saa kumi na mbili.

Kengele zilikuwa zinalia. Watu wote wa kijiji wamesimama nje ya kanisa kubwa, wamevaa nyeusi tupu, na jeneza ndiyo kwanza linatolewa. Papa akamuuliza kijana mmoja ni nani. Nikaona uso wake ukibadilika. Marehemu alikuwa ni Mesie Lucien, mlinzi wa lile kanisa dogo la Kapteni, aliyekuwa amezungumza na Papa mara tatu kwenye simu, aliyemwambia njoo, nitakufungulia mwenyewe. Alianguka bustanini siku nne zilizopita. Ufunguo uko kwa mke wake.

Na mke wake ndiye aliyesimama pale mbele, amevaa miwani myeusi, ameshikwa mikono na watoto.

Nikamwangalia Papa. Papa akavua kofia.

"Batu balie kwanza," akasema.

Ningesema nini? Kuna mtu wa kwetu anayeweza kumwendea mjane kaburini akamwomba ufunguo? Tukaingia kwenye mstari. Tulikwenda nao makaburini, tukatupa udongo wetu, na ilipofika zamu ya kutoa mkono Papa akampa yule mama pole ndefu ya Kikongo, kwa Kifaransa, ya kumshukuru marehemu na waliomzaa marehemu, mpaka mstari mzima nyuma yetu ukakwama. Mama yule, jina lake Odile, alivua miwani akamwangalia. Nadhani alitudhania marafiki wa mumewe wa siku nyingi, kwa sababu alitushika wote wawili akatuelekeza ukumbini kwenye chakula.

Ukumbini nilikaa dakika tano. Kupitia mlango wa nyuma niliona jikoni: sinki mbili zimejaa, sahani zimepangwa hadi dirishani, na msichana mmoja peke yake anahangaika. Sikufikiri. Msiba ni msiba. Nilitoa leso kwenye mkoba, nikajifunga kiunoni, nikakunja mikono nikaanza na sufuria.

Aliyekuwa na tenda ya chakula, mwanamke mnene mwenye sauti, akaja akaniona. Hakushangaa hata kidogo. Kumbe alikuwa amepiga simu mjini aletewe mtu wa kumsaidia! Akanitupia aproni, akanionyesha glasi, akanifokea kwa sababu nilizipanga vibaya. Sikujua Kifaransa cha kumweleza, na sikutaka. Nilisugua. Mikono ilikuwa kwenye maji ya moto na mimi nilikuwa Machakos, nyuma ya nyumba ya mama, tumekaa wanawake ishirini kuzunguka karai, majivu na mchanga, tunasugua masufuria ya msiba na kusengenya na kulia kwa zamu. Hiyo ndiyo kazi ya binti mama yake akifa. Sikuifanya. Niliifanya pale, kwa mzee wa Kifaransa nisiyemjua, na sitawadanganya, nilisikia raha.

Nilipoinua kichwa dirisha lilikuwa la kijivu.

Saa kumi na moja kasoro! Nilikuwa nimetumia mwanga wa Papa kwa msiba wangu. Wakati huohuo Odile akaingia kutafuta maji, akamkuta mgeni wake na aproni. Alimgeukia yule wa tenda kwa maneno makali, yule akawa mwekundu, wote wawili wakawa wananivua aproni kama nimeshika moto. Papa akaitwa aje kutafsiri.

"Anauliza kwa nini ulifanya hii."

"Mwambie kwetu ndivyo pole inavyosemwa."

Papa akamwambia. Kisha, taratibu, kwa aibu, akamwambia na lile lililotuleta. Odile alisikiliza mkono mdomoni. Alifungua mkoba wake, na ufunguo ulikuwemo, mrefu wa shaba, wa Lucien, pamoja na miwani yake ya kusomea.

Tulipanda kilima sisi watatu. Papa ananishika mkono, anajikwaa, kiza kinaongezeka kila hatua. Mlango ulipofunguka ndani kulikuwa kiza tupu. Odile akaeleza kwamba umeme haujawahi kufika humo. Papa aliingia hatua tatu akasimama.

"Sioni kitu," akasema. Si kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayejibu swali.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mbuzi wa Bibiche, glasi zangu, upepo wa Calais, vyote nilivihesabu tena. Nikasema, "Papa, nisamehe," nikawasha tochi ya simu kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

Tochi ya simu haiangazi mbali. Ilipiga jiwe duara moja dogo, ukubwa wa sahani. Nikaisogeza juu, ikapita kwenye mikono iliyokunjwa, ndevu, mdomo.

"Simama hapo," Papa akanong'ona.

Ndipo nilipoelewa. Siku mbili nzima nilikuwa nikimwona akipotea kwenye mwanga, ulimwengu umejaa pembe ambazo jicho lake halizifikii. Humu ndani hakukuwa na pembe. Kilichoangazwa ndicho pekee kilichokuwepo, na kilikuwa sawasawa na kile kidogo alichobakiwa nacho.

"Shuka kidogo. Pua. Ndiyo. Sasa jicho. Lile lingine." Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa jiwe. Nami nikasogeza mkono polepole kama alivyoniambia, kipande kwa kipande. Hakuwa yule shujaa niliyemtarajia. Mashavu yameingia ndani, kope moja imeshuka kuliko nyingine, mdomo wazi kidogo. Aliyemchonga alimchonga kama alivyokuwa siku aliyofika kwao.

"Kumbe alizeeka," Papa akasema.

Odile alikuwa ukutani, analia kimya. Papa alipiga magoti, suti na yote, akazunguka uso ule tena tangu paji mpaka kidevu, na mara ya tatu, na hakuna aliyemharakisha. Nikaangalia saa. Tulikuwa na dakika ishirini kabla ya basi, nikamwambia aangalie tu, muda upo.

Akanishika kiwiko, akasimama.

"Zima taa, Mama Mumo," akasema. "Muzee eko analala."

Nikazima.